Kura ya Tano

Kura za siri za mtaa hazina siri yoyote, na Rosalia alilijua hilo kuliko mtu mwingine pale Rasbura, maana karatasi zenyewe ndiye aliyezigawa. Alizikata kwa mkasi wake wa kushonea, akazitia kwenye kikapu, akapita nyumba hadi nyumba Alhamisi nzima juani. Kila mlango hodi, kila mlango shikamoo na marahaba, na kila mlango swali lile lile: "Sasa mama Jerome, sisi tumwandike nani?" Hapo ndipo alipoharibu. Ningekuwa karibu ningemziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini nisimlaumu kabla hamjajua yaliyomsibu.

Tangu mvua zilipokatika, mtaa ule ulikuwa haulali kwa amani. Walizuka vijana waliojiita Nondo, kwa sababu ndicho walichotembea nacho: vipande vya nondo za kujengea, wamevizungushia kitambaa kwenye mshikio. Walianza na mabinti wanaotoka masomo ya ziada, wakawapora simu. Halafu wakamvamia Cletus, kijana wa bodaboda, magharibi ile watu wanakwenda kusali, wakamvunja mkono wa kulia mahali pawili. Kosa lake ni kwamba hakuachia pikipiki haraka.

Baada ya hapo watu wakawa na hasira mbaya. Wapo waliosema wazi kwamba wa kwanza kukamatwa atavishwa tairi. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Clemence, mtu mpole ambaye miwani yake imefungwa kamba ya viatu, alipandwa na jazba siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe. "Hapa hatumchomi mtoto wa mtu!" alifoka. "Tunapiga kura."

Utaratibu ukatangazwa msikitini na kanisani ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kila nyumba karatasi moja, jina moja la anayeshukiwa. Atakayefikisha kura tano anaondoka na Afande Petro, polisi wa kata. Asiyefika tano, wazazi wake wanaitwa kimya kimya. Na atakayejitokeza mwenyewe kabla hesabu haijafungwa, na aliyeumizwa naye akaridhia, huyo mtaa utamlea: miezi mitatu chini ya fundi, kila asubuhi anaripoti ofisini. Mpango mzuri. Rosalia mwenyewe, kama mjumbe, aliunyooshea mkono.

Aliunyooshea mkono Jumapili. Jumatatu asubuhi aliingia banda la kuku kutafuta mayai, akapapasa chini ya majani, mkono ukagusa chuma.

Alikivuta. Nondo, urefu wa mkono, na kile kitambaa cha mshikio alikijua vizuri kabisa. Ulikuwa mguu wa suruali ya shule ya mwanawe Jerome, ile ya kaki aliyoipunguza yeye mwenyewe kwa uzi wa kijani kwa kuwa wa kaki ulikuwa umemwishia. Uzi wa kijani ulikuwa bado upo.

"Nnungu wangu," alimwita Mungu kwa Kimakonde cha kwao, akakaa chini humo humo kwenye kinyesi cha kuku.

Angemwambia nani? Mumewe Benedikto yuko Nyangamara kwenye mikorosho, na hata akipigiwa simu kazi yake ni kusema "tutaongea nikirudi." Basi Rosalia alikirudisha chuma mahali pake, akafunikia majani, akamrudisha kuku anayeatamia juu yake. Akatoka na mayai manne kana kwamba hakuna kitu.

Siku tatu zile hakula akashiba. Alikuwa akichemsha ming'oko ya kuuza, vile viazi vya porini, mara anasahau chumvi, mara anatia mara mbili, wateja wanamtania kwamba mume amekaa sana shamba. Kichwani mwake lilikuwa likizunguka jambo moja tu: si Jerome. Jerome ni mtoto aliyetumikia altareni miaka minne. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, hana baya. Kuna mtu anamharibu. Na mtu akitafutwa hakosekani, jamani. Akampata.

Haruna. Mtoto wa Mwanaima, jirani wa ukuta mmoja. Kila jioni, jua likielekea kuzama, Haruna alikuwa akisimama kwenye kona ya choo na kupiga mluzi, mara mbili fupi, moja ndefu. Jerome akiusikia hata kijiko anaacha kwenye sahani. Anatoka mbio. Wanarudi wote wawili wamejaa vumbi, hawasemi walikuwa wapi. Rosalia akajumlisha mluzi na nondo, akapata jibu alilolitaka.

Basi Alhamisi ile, mlangoni kwa watu, akiulizwa "tumwandike nani," alikuwa akishusha kikapu, anapangusa jasho kwa ncha ya kanga, anasema, "Mimi ni mjumbe, sisemi kitu." Halafu anashusha sauti. "Ila ule mluzi wa jioni, hamuusikii? Yule wa Mwanaima." Kisha anabeba kikapu chake anakwenda zake. Aliyafanya hayo nyumba sita, saba. Hakuhesabu. Alipofika kwake karatasi zilikuwa zimemwishia, akachana ukurasa wa daftari la hesabu la Jerome, lile la vijumba vidogo, akaandika HARUNA kwa herufi kubwa. Ijumaa akaitumbukiza kwenye ndoo ya kura pale ofisini. Wallahi, usiku huo alilala usingizi wa kwanza tangu Jumatatu.

Na huyo Mwanaima msifikiri ni adui yake. Ni mwanamke waliyesaidiana naye uzazi. Rosalia alipojifungua Jerome, Benedikto akiwa shamba kama kawaida yake, Mwanaima ndiye aliyemkanda maji ya moto siku arobaini. Ramadhani Rosalia anapeleka ming'oko, Krismasi Mwanaima anakuja na mikate ya kumimina. Ndiyo maana nasema hofu ni kitu kibaya. Inamfanya mtu mzima akamuuze shoga yake mchana kweupe.

Jumamosi kukapambazuka. Hesabu ilikuwa saa nne. Jerome alikuwa amekaa kibarazani anakunywa chai kwa kiporo cha muhogo, na mama yake, kwa furaha ya kijinga aliyokuwa nayo, akaropoka.

"Leo mluzi utakoma. Huyo Haruna wako atapata wa kumpigia huko kituoni."

Jerome aliinua macho. "Haruna kafanyaje?"

"Watu wamemwandika. Si ndiye anayekutia kwenye mambo yao?"

Kikombe kilimtoka mkononi. Chai ikamwagika mpaka kwenye ndala zake wala hakujipangusa. "Mama," alisema, "mama, umezingua. Umezingua vibaya."

"Nyoosha maneno, mimi si mwenzio."

Akayanyoosha. Alisema kwamba jamaa wa Nondo walikuwa wanakutana jioni nyuma ya ghala la korosho, na kwamba yeye Jerome alikwenda mara ya kwanza mwezi wa sita, kwa kuwa nyumbani kulimchosha na pale walimwita mwanaume. Haruna alipojua, hakumsema kwa mtu. Alianza kumpigia mluzi. Jua likielekea kuzama, saa ile ile wale wanapokusanyika, anamwita na kumpeleka kwa fundi wanakofyatua matofali ya saruji, wanafyatua mpaka Jerome anachoka hata kunyanyua mguu. Jioni baada ya jioni. Lile ndilo vumbi alilokuwa akirudi nalo.

"Siku ya Cletus, Haruna alikuwa kamsindikiza mama yake hospitali," Jerome alisema. "Hakuna aliyenipigia mluzi. Nikaenda."

Rosalia akamsogelea. "Ulimpiga wewe?"

Mtoto akainamisha kichwa. "Mara moja. Ya mkononi. Haruna akatokea anatoka hospitali, akanishika kiuno akanivuta, wale wengine wakamtishia watamuua. Tukakimbia. Akaniambia nikaseme mwenyewe. Kila siku ananiambia nikaseme. Naogopa, mama."

Hapo tena. Mwanamke mwingine angepiga kelele, angempiga kibao. Rosalia alisimama tu katikati ya uwanja, kanga imemteleza begani, anaangalia ndala za mwanawe zilizolowa chai. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumtapika. Kilichomtoka ni amri: "Ingia ndani. Usitoke mpaka nirudi. Unanisikia? Usitoke!"

Njiani kwenda ofisini alipiga hesabu zake upya. Labda wale aliowanong'oneza hawakumsikiliza. Labda kura yake itakuwa peke yake, na kura moja si kitu. Wazazi wanaitwa kimya kimya, Mwanaima anacheka, yanaisha. Alisali Salamu Maria tatu kwa mwendo wa haraka haraka akakosea maneno katikati.

Ofisini watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Cletus alikuwa amepewa kiti cha mbele, mkono kwenye plasta umening'inia kwenye kitambaa. Mwanaima amekaa kwenye mkeka safu ya pili, akamwona Rosalia, akampungia mkono na kumwonyesha nafasi aliyomwekea. Rosalia akaashiria ubao. Ndiyo, hilo nalo. Kazi ya mjumbe siku hiyo ilikuwa kushika chaki: jina likisomwa, anaandika na kupiga mstari, likirudiwa, anaongeza mwingine.

Mzee Clemence akainua ndoo, watu wote waone lakiri yake, akaikata, akamwaga karatasi mezani. Nyeupe zote, zimekunjwa. Na kati yake moja ya vijumba, imekaa juu juu karibu na kona, mtu yeyote mwenye macho anaiona. Rosalia akaitambua karatasi yake.

Karatasi za kwanza zilikuwa za wale wawili wakubwa wa Nondo, ambao kila mtu alijua wameshakimbilia Mtwara tangu juzi. Mistari ikajaa, watu wakaguna kwa kuridhika. Afande Petro akaandika kwenye kijitabu chake.

"Haruna wa Mwanaima," akasoma mzee Clemence.

Mwanaima alitabasamu, akageuka nyuma kama anayetafuta Haruna mwingine. Rosalia akaandika jina, akapiga mstari. Herufi ya mwisho ikapanda juu.

"Haruna."

Mstari wa pili. Mwanaima hakutabasamu tena.

Zikaja karatasi tatu tupu, na moja iliyoandikwa "namwogopa Mungu." Watu wakacheka. Kisha mzee Clemence akavua miwani kuipangusa, na sekunde zile chache Rosalia aliinama mezani kana kwamba anaokota chaki. Alipoinuka, karatasi ya vijumba ilikuwa kiganjani mwake, chini ya ncha ya kanga. Hakuna aliyeona. Akapumua. Mbili tu, alijiambia. Mbili si tano. Ameokoka, na mwanangu ameokoka.

"Haruna," akasoma mzee Clemence. Mistari mitatu.

"Huyu kaandika hivi: 'Haruna, yule wa mluzi.'" Mistari minne.

Yule wa mluzi. Maneno yake mwenyewe. Aligeuka ubaoni ili watu wasiuone uso wake. Nyuma yake alisikia Mwanaima akisema polepole, "La ilaha illallah, la ilaha illallah." Karatasi zilikuwa zimebaki chache, kiganja cha mkono. Moja ikawa tupu. Moja jina la wale wa Mtwara. Mzee Clemence akafungua nyingine, akaisogeza karibu na pua.

"'Nasikia Haruna.'" Akainua kichwa kwa hasira. "Nasikia, nasikia! Nasikia kutoka kwa nani? Basi, andika, mjumbe. Ya tano."

Rosalia hakuandika. Chaki iligusa ubao ikasimama hapo. Afande Petro akafunga kijitabu, akasimama, akamtafuta kijana kwa macho. Haruna alikuwa nyuma kabisa mlangoni, saruji imemkaukia kwenye suruali na kwenye nyusi. Hakukimbia. Alimtazama Rosalia. Kijana yule alijua kila kitu, alikuwa na neno moja tu la kujiokoa nalo, na hakulisema.

Mwanaima ndiye aliyesimama. Miguu ilikuwa imemvimba, ndiyo iliyompeleka hospitali siku ile, akashika bega la mtu ili ainuke. "Mwanangu mimi si mwizi," alisema. Akamgeukia mtu pekee aliyemtegemea mle ndani. "Mama Jerome. Wewe unamjua huyu tangu hajaota meno. Waambie, dada yangu. Wewe watakusikiliza."

Jamani. Afadhali angemtukana.

Rosalia alifungua kiganja. Karatasi ya vijumba ilikuwa imelowa jasho. Akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti, akaikunjua kwa vidole viwili.

"Hii nimeiiba sasa hivi," alisema. "Ni ya kwangu. Na hizo tano nazo ni za kwangu."

"Mjumbe, unasema nini?" mzee Clemence akauliza.

"Nasema 'nasikia' hiyo alisikia kwangu! Yule wa mluzi ni mimi niliyesema. Nimepita majumbani kwenu na kikapu cha mtaa, nikawatia maneno, na nyie mkanipokea kwa kuwa ni mjumbe. Mmoja asimame aseme alimwona huyu mtoto na nondo kwa macho yake. Mmoja!"

Hakusimama mtu. Mwanamke mmoja mzee alijifunika uso kwa kanga. Mwanaima alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, kama mtu aliyesalimiwa kwa jina lisilo lake.

"Kwa nini?" akauliza. Neno hilo tu.

Rosalia aliugeukia ubao. Ningekuwa mimi sijui kama ningeweza. Alifuta kwa kiganja? Hapana, hakuthubutu kuligusa lile jina. Chini yake, kwa herufi kubwa za taratibu, zile zile alizomfundishia mwanawe kuandika kwa kijiti kwenye mchanga wa uwani, akaandika JEROME. Akapiga mstari mmoja. Chaki ikavunjika.

"Kwa sababu ni huyu," alisema. "Nilikuwa namficha."

Kelele zilizozuka hapo sina haja ya kuzisimulia. Afande Petro alipiga meza kwa kofi mara tatu. Na katikati ya kelele zile, watu wa mlangoni walianza kusogea, wakapisha, na Rosalia akaona ndala zilizolowa chai zinakuja. Jerome hakuwa amemtii. Alikuwa amebeba kitu kirefu kimefungwa kwenye gazeti na majani ya banda la kuku bado yameng'ang'ania. Alipita mbele ya Cletus, akasita, akaendelea. Akakiweka mezani juu ya karatasi. Chuma kikalia.

"Niliyempiga Cletus ni mimi," alisema, macho chini. "Haruna alinizuia. Nimekuja mwenyewe, mama hakunituma."

Mzee Clemence alitazama meza. Karatasi mbili zilikuwa bado hazijafunguliwa. Alizihesabu kwa kidole, kwa sauti, ili kila mtu asikie. "Moja. Mbili. Hesabu haijafungwa," akasema. "Kijana amejitokeza ndani ya muda. Afande, unashuhudia?"

"Nashuhudia. Ila maelezo lazima aandike kituoni. Na mwenye mkono wake aridhie."

Wote wakamgeukia Cletus. Alikuwa akiitazama ile nondo. Alijikuna pembeni ya plasta.

"Sijaridhia," alisema mwishoni. Rosalia alifumba macho. "Sijakataa pia. Mniulize Jumatatu. Leo nikiongea utaongea mkono, sitaongea mimi."

Basi wakamchukua Jerome. Hawakumfunga pingu. Haruna alikwenda naye hadi kwenye gari, akiwa amemshika nyuma ya shati, vile vile kama siku ile alivyomshika kiuno, na Afande alipomwambia abaki alisema anasindikiza tu, akapanda.

Watu walipopungua, Rosalia alibaki ameegemea ubao, chaki imempaka hadi shavuni. Mwanaima alisogea kwa ile miguu yake ya kuvimba. Hakumtazama. Alishika ncha ya kanga yake akalifuta jina la Haruna, herufi moja moja, na mistari yote minne, akasugua mpaka pale mahali pakabaki peusi. La Jerome hakuligusa.

"Mama Haruna," Rosalia alianza. "Nisamehe."

"Usiniite," Mwanaima alisema. "Leo usiniite. Siku arobaini nilikukanda kwa mikono hii." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta, maana kanga yake ilikuwa imejaa chaki. Alijikokota mpaka mlangoni. Hapo akasimama, amempa mgongo.

"Nitatuma chandarua," alisema. "Umpelekee mwanao. Mahabusu kule kuna mbu."